Mlango wa Kimara

Mlango ulitoka Kimara, mninga wa kale,
mzito kama mtu aliyegoma kuamka.
Walikuja kwanza na kopo la rangi nyekundu,
X moja, kutoka bawaba hadi kitasa;
baadaye wakaja na katapila.
Shangazi Mwantumu hakuokoa kabati wala kitanda.
Alisema: ng'oeni mlango.

Ukaegemezwa kwetu Tandika, nyuma ya pipa la maji,
miaka, haufungui kitu, haufungi kitu,
kuku wakitagia kivulini mwake.

Nilipouomba alinitazama miguu kwanza, kisha uso.
"Unajenga?"
Hapana, shangazi. Spika.
"Za mlango?"

Keko, fundi Nyagawa aliugonga kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikitimaji.
"Huu hauna maneno mengi," akasema. "Na sanduku?"
Hakuna sanduku. Ubao tu, na nyuma wazi.
"Redio imevua nguo," akasema, akawasha msumeno.
Ulikatwa katikati, kwa urefu.
X ikagawanyika: nusu kushoto, nusu kulia,
zile alama za darasa la pili,
kipi kikubwa, kipi kidogo,
nilizokuwa nikizikosea.

Wufa nilizipata Gerezani kwa Shaweji,
inchi kumi na tano, zimestaafu ukumbi wa harusi,
koni moja ina kiraka cha karatasi ya daftari, gundi imekauka njano.
"Hizi zimeshacheza na kila bwana harusi wa Ilala," akaapa,
kisha akapunguza elfu tano.
Tundu la kitasa sikuliziba.

Nililehemu usiku, moshi ukiniingia machoni,
nikimweleza Sikudhani, ambaye hakuuliza:
koni ikisukuma mbele, nyuma inavuta.
Ni neno lilelile, limegeuzwa.
Yakikutana ukingoni yanafutana,
besi inakufa kabla haijafika kwenye kiti.
Kazi yote ya ubao ni kuchelewesha mkutano.

"Kama sisi tu," akasema, akageukia ukutani.

Na ukuta wenyewe! Zinataka zikae mbali nao, mita nzima.
Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi na mbili.
Kabati likatoka koridoni, kitanda kikabana dirisha,
ndoo ya unga ikalala na viatu.
Wiki ile nilisukuma, yeye akavuta,
na kilichosikika ndani ya nyumba ni feni.

Jumamosi. Luku inasoma uniti tatu na kitu.
Kaseti ya dansi, aliyerekodi amekohoa mwanzoni.
Kikohozi kilisimama katikati ya chumba, kina mwili,
tarumbeta likaja na mate yake,
lakini besi, jamani, besi haikuja.
Ilikuwa mbu wa gitaa, anapita.
Nilikaa nikitazama skrubu.

Sikudhani hakusema neno.
Alikwenda uani, akarudi na mbao za meza ya kupigia pasi,
ile iliyovunjika mguu Idi iliyopita,
akaziegemeza ubavuni, moja huku, moja huku,
kama mtu anayemfunika mtoto masikio.
"Si ulisema zisikutane mapema?"

Sufuria zikaanza kutetema kabatini, kule koridoni.
Mpangaji wa pili akagonga ukuta,
akagonga tena, kwa mdundo.

Shangazi alikuja jioni. Tulimwekea kiti mbele, mahali pazuri.
Akapita kiti. Akazunguka nyuma ya mbao,
penye sumaku, nyaya, na vumbi la Kimara kwenye mwanya wa bawaba,
akashusha kigoda, akakaa.
Huko sauti si nzuri, shangazi, nikasema. Huko ni kinyume.
"Huku ndiko ndani," akasema.

Kupitia tundu la kitasa nikaona kipande cha khanga yake,
kinapanda, kinashuka.
Uniti zilibaki moja. Hakuna aliyekwenda kununua.